Nilivyostaafu Kutoboa Midomo

Upumbavu wangu wa kwanza niutaje mwenyewe kabla hamjausikia kwa watu. Nilijitoboa mdomo kwa shazia, ile sindano ya kushonea magunia, nyuma ya banda letu la kukaushia vitunguu swaumu, halafu nikaponda punje tatu za kitunguu swaumu na kukandika kwenye tundu kama dawa.

Nyinyi mnajua sisi wa Mbulu tulivyo. Mtu anayelima kitu hukiamini kupita kiasi. Mafua, kitunguu swaumu. Minyoo, kitunguu swaumu. Kuku amezubaa, mpe kitunguu swaumu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitunguu swaumu kibichi juu ya nyama mbichi kinaunguza kama kaa la moto. Nilizunguka lile banda mara nne mbio, nimeziba mdomo kwa mikono miwili, kwa sababu Mama alikuwa upande wa pili anasuka mafungu ya vitunguu na sikutaka asikie. Kesho yake mdomo wa chini ulikuwa unafika mahali kabla yangu. Nikamwambia Mama nimeumwa na nyuki.

Aliusogelea, akanusa.

"Nyuki wa wapi huyo anayenuka kitunguu?"

Akarudi kwenye mafungu yake. Nikadhani nimeshinda. Kijiti nilichokuwa nimekichomeka kwenye tundu nilikitoa siku hiyohiyo, tundu likajifunga, na badala ya kujifunza kwamba nisitoboe midomo, nilijifunza kwamba nisitumie kitunguu. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na ninawaandikia nyinyi wa kidato cha kwanza kama mstaafu. Chekeni mmalize. Kazi ya kutoboa nimeifanya mwaka mmoja na kitu: masikio mengi, pua kadhaa, nyusi moja, na mdomo mmoja wa mtu mwingine. Huo mdomo mmoja ndio ulionistaafisha. Naandika kwa sababu juzi nyuma ya maabara nimemkuta mmoja wenu (jina lake nalihifadhi, lakini anajijua, ana kovu kichwani) amejishikiza pini ya kubania karatasi kwenye mdomo na wenzake wanampiga picha. Akaniambia eti, "Kaka Safari, wewe si fundi? Nitobolee ya kweli."

Mdomo ninaouzungumzia ni wa Elibariki. Tunamwita Eliba. Ni rafiki yangu tangu darasa la pili, na ndiye aliyekuwa anapiga tarumbeta la kwanza kwenye kikundi cha usharika wetu hapa Dongobesh. Mkisikia watu wazima wanasema kuna kijana alikuwa akipiga, akina mama wanaacha kutafuta sadaka kwenye mikoba, ni yeye. Darasani Eliba ni mzito, mwenyewe anasema. Hesabu zake zinanisikitisha hata mimi, na mimi siyo mtu wa kumsikitikia mtu hesabu. Lakini mchungaji alikuwa ameahidi kwamba akimaliza kidato cha nne, usharika utampeleka chuo cha muziki cha kanisa, na mwalimu wa chuo hicho alikuwa anakuja wiki ya baada ya Pasaka kumsikiliza. Kwao hapakuwa na mpango mwingine. Mama yake ni mjane, shamba lao ni dogo, na huyo mtoto ana njia moja tu, nayo inapita mdomoni.

Huo ndio mdomo niliouchagua.

Kazi yenyewe alinifundisha Bibi, mama yake Mama, ambaye ni Mbarbaig na anakaa Hanang, kule chini tambarare karibu na Ziwa Balangida. Masikio ya Bibi yana matundu ambayo kidole gumba changu kinapita, yamebeba shaba tangu Mama hajazaliwa. Watoto wote wa ukoo masikio yao yamepita mikononi mwake. Likizo nikienda kumsaidia kuchunga, nilikuwa namshikia watoto wasirukeruke, na macho yake yalipoanza kupungua akanikabidhi sindano. Akawa anakaa pembeni anabwia ugoro na kunitukana.

Msidhani Bibi alikuwa mchafu. Alikuwa msafi kuliko mimi na kuliko baadhi ya wenye maduka ya urembo niliowaona. Mikono ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka kwenye kiwiko. Sindano mpya, ikachemshwa mpaka sufuria inakaribia kukauka. Mtoto mmoja sindano moja, akimaliza inatupwa chooni, hata ungemwambia ni ya mwisho wilaya nzima. Msimu ng'ombe wanapozaa na nzi wamejaa bomani, hatoboi mtu. Kabla ya kutoboa analishika sikio, analielekeza kwenye jua ili mwanga upite, aone mishipa ya damu ilipo. Nilimwona akimrudisha mtoto wa ndugu yake kabisa kwa sababu alikuwa na kijipu shingoni. "Apone kwanza. Sikio haikimbii."

Siku moja nikamuuliza, "Bibi, na mdomo je?"

Alitema ugoro pembeni. Kiswahili chake ni cha kuungaunga lakini siku hiyo nilikielewa chote.

"Sikio imekaa tu. Mdomo inakula, inaongea, inatukana watu. Kidonda yake itapumzika saa ngapi?"

Nilicheka. Nilimwona ni mtu wa zamani ambaye hajaona picha za watu wa mjini.

Kwenye masikio nilikuwa ninajiweza, nisijidharau sana. Makosa yalikuwepo. Kuna dada mmoja wa kidato cha nne mpaka leo hereni zake hazisalimiani, moja iko ghorofani na nyingine chini, kwa sababu nilimtoboa akiwa ameinamisha kichwa anachezea simu. Tangu siku hiyo nikawa naweka alama kwa kalamu kwanza, namsimamisha mtu wima, narudi nyuma hatua tatu, namtazama kama mpiga picha wa pasipoti. Bibi akanipa kipande cha bangili yake ya zamani ya shaba, nikakikata na kukisugua kwa tupa, nikatengeneza vishikizo: kijiti kifupi, kisahani upande wa nyuma, kitufe upande wa mbele. Vilikuwa vinang'aa. Nikavipa jina, Toleo la Hanang. Wateja waliongezeka mpaka kichwa changu kikavimba, na hapo ndipo nikaanza kuutazama mdomo wa Eliba.

Alikataa mara mbili. Hili naliandika kwa sababu yeye hawezi kulisema, ni muungwana kuliko mimi.

Mara ya kwanza tulikuwa tunatoka kuchota maji.

"Kidogo tu, Eliba. Pembeni, chini ya mdomo. Likizo yote unatamba nayo, shule ikifunguliwa unatoa."

"Na tarumbeta?"

"Tarumbeta linakaa katikati. Mimi natoboa pembeni. Umeona wapi mtu anapiga tarumbeta kwa shavu?"

"Safari, nyinyi mtihani mtafanya kwa kalamu. Mimi wa kwangu nafanya kwa huu mdomo. Niache bana."

Mara ya pili alisema hapana tu, akaondoka. Mara ya tatu nilibadilisha mbinu. Tulikuwa vijana kama kumi uwanjani, nikasema kwa sauti, "Jamani muacheni Eliba, huyu mpaka akaombe ruhusa kwa mwinjilisti. Na mwinjilisti naye amuulize mama yake." Wote wakaanguka kicheko. Eliba naye alicheka, lakini niliona shingo yake imebadilika rangi. Jumamosi, ya kwanza ya likizo fupi, akaja mwenyewe bandani kwetu. Alikaa juu ya gunia akasema, "Fanya haraka kabla sijabadilisha mawazo."

Mtu akikuambia hivyo, mwambie abadilishe. Mpe hata lifti.

Nilifanya kila kitu kama Bibi. Nilinawa, nilichemsha, sindano ilikuwa mpya. Nikaweka alama kwa kalamu. Eliba alifumba macho, akashika gunia kwa mikono miwili, na sekunde chache baadaye shaba ilikuwa imekaa chini ya mdomo wake kama imezaliwa naye. Nilimpa kioo. Alitabasamu upande mmoja.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye elimu. Mdomo ukitobolewa lazima uvimbe. Hata ukitobolewa na fundi wa kweli mwenye leseni, kwenye chumba cheupe, utavimba. Ndiyo maana fundi wa kweli huanza na kijiti kirefu, kinachoonekana kama kimezidi, kinaning'inia kidogo na hakipendezi. Uvimbe ukishuka baada ya wiki kadhaa ndipo anakurudishia kifupi. Mimi nilimwekea saizi ya sikio. Kilikaa sawasawa, kilipendeza, na hakikuacha hata nafasi ya uzi.

Jumapili Eliba hakwenda kupiga, akasingizia jino. Jumatatu uvimbe ukaanza. Nikamwambia ni kawaida, na kwa kweli ni kawaida, ila mimi sikuwa najua kawaida inaishia wapi. Nikamwambia apake samli, kwa sababu Bibi anapaka samli masikioni. Samli ndani ya mdomo! Inashika kila chembe ya ugali inayopita na kuifungia mlango. Nikamwambia akizungushe kijiti kisigande, asubuhi na jioni. Kumbe ukikizungusha unachana upya kile kilichoanza kufunga, na mikono yenyewe imetoka kushika jembe. Jumatano shaba ikaanza kutoa ukijani pembeni. Akasema anasikia ladha ya sarafu.

Alhamisi mchana nilikwenda kwao. Mama yake alikuwa shambani. Eliba alikuwa amekaa kitandani amejifunga mtandio wa mama yake usoni kama mtu wa baridi. Alipoufungua, nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa wa mtu mwingine. Taya limejaa, ngozi inang'aa. Nikamwambia afungue mdomo nione kisahani cha nyuma, akafungua upana wa kidole kimoja, basi. Nikamulika kwa tochi ya simu. Kisahani hakikuwepo. Nyama ilikuwa imekifunika.

"Kimedondoka," nilisema.

Akatikisa kichwa. Akanichukua kidole akakiweka juu ya mdomo. Kilikuwa ndani, kigumu, kama punje ya mahindi chini ya kitambaa.

Nikaenda kuchukua koleo kwenye boksi la marehemu baba yake. Nilishika kitufe cha mbele kwa koleo, Eliba akashika goti langu, nikavuta. Sijawahi kusikia mtu akitoa sauti ile akiwa amefunga mdomo. Usaha na damu vikatoka, kisahani hakikusogea. Vidole vyake viliniachia alama nne gotini. Nikaweka koleo chini.

Alichukua daftari, kwa sababu kuongea kulikuwa kumemshinda. Aliandika kwa herufi kubwa: USIMWAMBIE MAMA. Chini yake akaandika: VUTA TENA.

Paji lake la uso lilikuwa la moto. Mate yalikuwa yanamtoka, anayafuta kwa mtandio, na nilipomtazama vizuri nikagundua anayafuta kwa sababu hawezi kuyameza.

Nikamwambia, "Nakuja, nakwenda kutafuta koleo zuri." Nilidanganya. Nilikuwa nakimbia.

Nyumbani Mama alikuwa kibarazani anachambua punje za kitunguu swaumu za mbegu, mvua ilikuwa imeshaanza na kila mtu alikuwa anapanda. Nikakaa, nikachukua fungu, nikaanza kuchambua. Nilikuwa napiga hesabu. Nikisema, Eliba atanichukia, mama yake atanilaani, Mama atanipiga, shule itanifukuza. Nisiposema, labda kesho uvimbe utashuka wenyewe. Niliirudia hiyo "labda" mara nyingi sana. Kila nikiirudia naona yale mate.

"Leo huna la kusema," Mama alisema.

"Nachambua, Mama."

"Wewe? Unachambua kimya?" Hakuinua macho. "Umemuua nani?"

Nilitaka kujibu kwa utani, nilikuwa nao tayari mdomoni. Ikatoka: "Eliba, Mama. Nilimtoboa mdomo. Hawezi kumeza mate."

Nilijikunyata nikisubiri kofi. Halikuja. Mama alikung'uta kanga, punje za mbegu zikamwagika uwanjani kwenye tope, mbegu alizochagua moja moja tangu asubuhi, akazikanyaga akipita.

"Vaa viatu."

Alinituma nikamwite mama yake Eliba shambani. Nilimkuta katikati ya matuta. Nikamwambia shikamoo. Akasema, "Marahaba mwanangu Safari, mbona unahema hivyo, nyumbani wazima?" Niliposema aje, Eliba anaumwa, aliacha jembe limesimama kwenye udongo. Njiani aliniuliza, "Ni lile jino?" Nikasema siyo jino. "Kilimpata nini, mwanangu?" Aliniita mwanangu mara tatu kabla sijamaliza kumweleza. Baada ya hapo hakuniita kitu.

Basi la Haydom, kwenye hospitali kubwa, linapita saa kumi. Tulilipata likiwa limeshaanza kuondoka, Mama akasimama katikati ya barabara na mikono yote juu mpaka dereva akafunga breki. Nyinyi mnalijua hilo basi, nusu ya abiria ni wagonjwa na nusu ni wanaowasindikiza, kwa hiyo mtu alipomwona Eliba alisimama tu bila kuombwa. Wakamkalisha dirishani. Akitaka kuegemea nyuma anakabwa, basi akainamia mbele, paji kwenye kiti cha mbele, mate yanadondokea kwenye beseni dogo ambalo bibi mmoja alilitoa chini ya kanga yake. Bibi huyo alimuuliza Mama, "Ameliwa na nini?" Mama akasema, "Na rafiki yake."

Kabla ya kufika, kwenye ule mteremko wenye udongo mwekundu, basi likazama. Kondakta akapiga kelele wanaume washuke wasukume. Mama akashuka pia. Alisukuma na kanga yake imefungwa kiunoni, tope likimrukia mpaka usoni, mimi nikiwa pembeni yake, bega kwa bega, na hakunitazama hata mara moja. Kila basi liliporudi nyuma nilisikia mama yake Eliba ndani anasema, "Pumua, baba. Pumua hivyohivyo." Mara ya tano likatoka.

Daktari aliyetupokea hospitali alikuwa mwanamama mfupi, mtulivu. Alimpapasa Eliba chini ya kidevu na shingoni kwa muda mrefu. Kisha akageuka.

"Fundi ni nani?"

Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

"Ulitumia nini?"

"Shaba, daktari. Ya bangili."

"Na ukapaka?"

"Samli."

"Halafu mkavuta kwa kifaa gani?"

"Koleo."

Alivaa glavu. "Uvimbe huu umeanza kushuka chini ya ulimi. Mngefika kesho, tusingekuwa tunazungumza habari za mdomo. Tungekuwa tunatafuta njia ya yeye kupumua. Umenielewa?"

Nilielewa. Nikasema, "Shikamoo," sijui kwa nini. Hakuna aliyecheka.

Walimchoma ganzi, wakampasua upande wa ndani, wakakitoa. Baadaye nesi alinionyesha kwenye kisahani cha chuma, Toleo la Hanang, kijani, kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Eliba alilazwa siku tatu na dripu. Daktari alipokuwa anaandika, mama yake Eliba akamwambia taratibu kwamba mtoto anapiga tarumbeta, kuna mwalimu anakuja baada ya Pasaka. Kalamu ya daktari ikasimama.

"Mwezi mzima asiguse. Nyama iliyokatwa inarudi na kovu, na kovu halinyumbuki kama mdomo. Baada ya hapo tutaona."

Nawaambia, hakuna neno refu duniani kama "tutaona" la daktari.

Nilibaki hospitali nikimhudumia, Mama aliagiza hivyo, na huyo daktari alinifundisha mengi kwa hasira. Nawapa kama alivyonipa. Subiri umalize shule na uwe mtu mzima, nyumbani wakijua. Ukitaka kweli, tafuta mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake, anayefungua sindano mpya kwenye karatasi yake mbele yako na kuitupa mbele yako, kwa sababu homa ya ini na virusi vinapita kwenye sindano ya kuazimana bila kubisha hodi. Akija na kile kibastola cha kupigia masikio aseme atakupiga mdomoni, ondoka. Muulize ni chuma gani. Wanaojali wanatumia titani, au chuma cha aina ile ya vifaa vya upasuaji, na kama ngozi yako huwashwa na saa au chuma cha mkanda, mwambie mapema. Shaba iache ibaki kwenye mkono wa Bibi. Mwambie aangalie kitakapogusa meno, maana kisahani kinachosugua fizi kila siku huila taratibu, na jino likimeguka halioti.

Ukishatobolewa, chumvi: robo kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Sukutua kila ukimaliza kula, osha nje asubuhi na jioni, kausha kwa kitu safi, siyo pindo la shati. Usikizungushe, usikichezee kwa ulimi. Pilipili, sigara na kunywea chombo kimoja na watu kumi, hapana. Spiriti hapana, dawa ya meno hapana, samli hapana, na kuhusu kitunguu swaumu mmeshanisikia. Wiki ya kwanza kuvimba kidogo na majimaji meupe ni kawaida. Lakini ukiona kisahani kinaanza kuzama, ukiona wekundu unatembea kwenda shavuni, ukisikia homa, usivute, usikitoe mwenyewe, tundu litajifunga na uchafu ndani. Nenda hospitali saa hiyohiyo na umwambie mtu mzima ukiwa bado unaweza kuongea. Eliba alifikia hatua ya kuandika.

Jumapili ya Matawi kikundi kilipita barabarani bila tarumbeta la kwanza. Wimbo ulikuwa kama meza ya miguu mitatu. Mwalimu wa chuo alikuja, akasikiliza wengine, akaambiwa habari. Akasema atapita tena siku nyingine kabla Eliba hajamaliza kidato cha nne. Hakusema lini.

Sindano zangu zote nilizitupa chooni. Nilikwenda Balangida kumweleza Bibi, nikitarajia matusi. Aliniomba mkono, akanipapasa vidole kimoja kimoja, akasema tu, "Hii mikono sasa ikamue ng'ombe," na nikakamua likizo nzima iliyobaki.

Mwezi ulipotimia, Mama aliniambia nivae shati safi, twende kwa akina Eliba. Ilikuwa saa tisa mchana, jua limetoka baada ya mvua. Tulisalimia, tukapewa viti. Mama yake Eliba aliniitikia shikamoo yangu kwa sauti ya chini, lakini aliiitikia. Eliba akatoka na tarumbeta. Kovu liko pembeni, dogo, ukiwa mbali hulioni. Alilifuta tarumbeta kwa kitambaa muda mrefu kupita kawaida. Akavuta pumzi, akaweka mdomo.

Ikatoka hewa. Ffff, kama gurudumu la baiskeli. Ilikuwa inavujia upande wa kushoto, nilipotoboa. Akajaribu tena, sauti ikaja robo, ikakatika, mate yakamtiririka kidevuni akayafuta kwa nyuma ya mkono bila kumtazama mtu. Mara ya tatu hewa. Mara ya nne hewa. Mama yake alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe. Mimi nilishindwa. Nilisimama nikasema ngoja nikawachotee maji, ndoo naona ziko tupu.

Mama alinishika shati kwa nyuma. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Kaa chini. Huo mdomo hakuutoboa mama yake, wala mimi. Kila siku ukitoka shule utakuja hapa, utakaa kwenye hicho kiti, utamsikiliza mpaka sauti itoke. Ikitoka mwaka huu, sawa. Ikitoka mwakani, utakuwa bado umekaa. Na usimchekeshe."